Si inatembea?

Na Mwenda wa Karimi

Dereva wa Hilux ya miraa hapa Laare hakumbushwi kubadilisha oili. Anajua injini ikimfia njiani, mzigo utanyaukia ndani ya majani ya migomba, na mteja wa Eastleigh hataki miraa ya jana. Lakini mtazame mkononi. Kavaa saa ya Seiko 5 aliyoachiwa na babake, na ukimuuliza ilifunguliwa lini mara ya mwisho, atacheka: "Si inatembea?"

Jibu hilo nimelitoa mimi mwenyewe miaka kumi na minane.

Yangu ni ya marehemu baba. Haina betri wala haitiwi ufunguo. Hujijaza kwa mtikiso wa mkono, na mzee aliyekwea miti ya miraa tangu alfajiri hakupungukiwa mtikiso. Ilipoanza kuchelewa dakika kumi kwa siku, fundi mmoja, simtaji, alifungua mfuniko, akatia mafuta ya cherehani, akafunga. Ikatembea wiki mbili. Fundi wa pili, kibandani Maua, aliichambua yote juu ya kitambaa cheupe, kisha akaniazima lenzi yake ya jichoni. Pale gurudumu linapozungukia palikuwa na tope jeusi kama wanja: mafuta yaliyokauka, yakachanganyika na unga wa chuma. Ncha ya mhimili, nyembamba kama unywele, ilikuwa imelika upande mmoja.

Nyingi za saa hizi hupiga mara 6 kwa sekunde, zaidi ya laki tano kwa siku. Mafuta yakikauka hazisimami papo hapo. Huendelea kutembea huku zikijisaga. Na kuifungia saa sandukuni si dawa, maana mafuta huganda humo humo na mpira wa kuzuia maji hukakamaa.

Kila miaka minne au mitano basi, ichambuliwe, ioshwe, itiwe mafuta ya saa. Ya saa, nimesema. Wapo watakaoniambia simu inatosha. Sibishani nao, simu ndiyo ninayoirekebishia ya baba.

Seiko 5 zilianza kuuzwa 1963, na vipuri vya nyingi za zamani huvipati dukani. Gurudumu langu fundi alilitoa kwenye kopo la Blue Band lililojaa saa zilizokufa. Nilichungulia humo. Zote, nadhani, zilikuwa zikitembea.