Kuazima Kuna Sarufi Yake

Je, mtabibu wa nafsi ashike mkondo mmoja, kama ule wa Freud, ama achote katika mikondo yote? Mnamo 1967 Arnold Lazarus alishauri kwamba mbinu ziazimwe popote, mradi zinafaa, bila kulazimika kuzikubali nadharia zilizozizaa.

Ninaafiki kuazima, lakini si kwa namna hiyo. Kiswahili kiliazima neno ‘kitabu’ kutoka Kiarabu, na sarufi yetu ikalipa wingi wake: ‘vitabu’. Vivyo hivyo, mbinu isiyo na nadharia ya kuipokea hubaki ya kubahatisha. Mwalimu mshauri amwambiaye mwanafunzi leo afukue machungu ya utotoni, na kesho ayapuuze abadili mwenendo tu, humwacha njia panda. Tuchanganye, ila tujue kwa nini.