Nani Mwenye Magitaa?

Imekuwa desturi siku hizi, muziki wa dansi unapotajwa mbele ya wasomi, kusema kwamba umekufa kwa uzee. Husemwa kuwa wakati wake umepita, kwamba vijana wamepata bongo fleva yao, na kwamba kila jambo lina zama zake. Maneno haya nimeyasoma katika insha za wanafunzi wangu hapa Mwanza mwaka baada ya mwaka, nimeyasikia redioni, na nimeyakuta katika maandishi ya watu ambao iliwapasa kujua zaidi. Nakusudia kuyapinga. Uzee hauui bendi. Bendi ni kundi. Mtu mmoja akizeeka mwingine huingia mahali pake, kama ifanyikavyo katika kwaya na katika timu ya mpira. Kitu kinachokufa pamoja na mtu kilikuwa mali ya mtu huyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini dansi limeshuka, yafaa tuulize swali ambalo wahakiki wetu wameliona dogo mno lisilostahili kalamu yao: magitaa yalikuwa ya nani?

Akaaye kando ya ziwa hili hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika karne ya 19 walitokea Usukumani watu wawili, Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga, wakashindana. Nani alimshinda mwenziwe hadithi hazipatani, maana kila upande husimulia ya kwake. Wafuasi wa Ngika waliitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Waasisi hao wamekwisha kufa zamani, lakini hata leo, mavuno yakiisha, mwezi wa Juni katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini, vyama hivi viwili hupambana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja katika uwanja wake, na mtazamaji yu huru kwenda apendako. Hakuna jaji anayetoa alama kwa karatasi. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi, na aliyeachwa na watu huona kwa macho yake kuwa ameachwa.

Na tazama mambo yaliyopita juu ya vyama hivyo! Walikuja Wajerumani, wakaja Waingereza. Ikaja misheni, na badala ya kuipiga vita ngoma kama ilivyofanya mahali pengi, padre mmoja wa Bujora, David Clement, akaiingiza katika uwanja wa kanisa. Ikaja pamba ikabadili kazi za watu na saa zao za kupumzika. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka 1974 watu walihamishwa kwa maelfu kwenda katika vijiji vipya. Zikaja redio, santuri, kaseti na simu. Bagika na Bagalu wangalipo. Wapo watakaosema kuwa wamedumu kwa sababu ngoma ni ya asili na gitaa ni la kigeni. Sikubali hata kidogo. Gitaa limekaa nchini kwa muda mrefu kuliko jamhuri yenyewe, na hakuna mtoto wa Mwanza anayelihesabu kuwa mgeni. Wamedumu kwa sababu ni vyama vya wanachama. Mtu huingia kwa kukubaliwa, hufundishwa na waliomtangulia, huwa na wajibu kwa wenziwe msibani na shambani. Na manju akifa, yuko aliyekuwa akimsikiliza kwa miaka mingi, naye husimama akatunga. Chama chao hakina mwajiri.

Dansi nalo lilianza hivyo hivyo, na jambo hili husahauliwa kwa urahisi wa kustaajabisha. Kabla ya dansi palikuwa na beni, na wacheza beni walikuwa na vyama vyao, Marini na Arinoti, vyenye vyeo, michango na uhasama wa kupendeza usiopungua ule wa Bagika na Bagalu. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa mwaka 1932, ilizaliwa katika ulimwengu huo wa vyama. Bendi ilikuwa klabu: watu walichanga, walichaguana, walizikana. Ushindani wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba katika mji mmoja wa Morogoro ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Salum Abdallah, aliyeiasisi Cuban Marimba, alikufa katika ajali ya gari mwaka 1965. Lau kama nadharia ya wenzetu ingekuwa kweli, bendi ingezikwa naye. Haikuzikwa, Juma Kilaza aliishika akaiendesha, na wako watu wazima leo wanaomkumbuka Kilaza kuliko mwasisi.

Mambo yakabadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuja na mkono uliojaa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake na kuwafanya wanamuziki kuwa waajiriwa wenye mshahara. Wakafuata Polisi, Jeshi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, kiwanda cha Urafiki na wengineo. Singependa nidhaniwe kuwa nadharau kazi iliyofanyika hapo. Muziki uliopigwa katika miaka ile ishirini ni katika mambo mazuri kabisa yaliyotungwa kwa lugha ya Kiswahili, na mwalimu wa fasihi anayefundisha ushairi wa karne ya 19 peke yake, akaacha nyimbo zile nje ya darasa, anawaibia wanafunzi wake. Lakini mshahara una bei yake. Gitaa liliandikwa katika daftari la mali ya shirika, pamoja na meza na mashine za chapa. Mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na vidole vyake tu.

Matokeo yake yaonekana katika majina yenyewe. NUTA Jazz ikawa Juwata, Juwata ikawa OTTU. Kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa jina na serikali, bendi nayo ilibatizwa upya, kana kwamba ni mtumishi wa nyumbani anayepewa jina la bwana wake mpya. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Shirika likafa, na mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 mfanyabiashara mwenye Orchestra Safari Sound aliwavuta kwake wanamuziki kadhaa wa Mlimani kwa ahadi ya malipo bora, nao wakaenda. Magazeti na wapenzi waliwaita wasaliti. Wamsaliti nani? Mtu hawezi kuhama nyumba ambayo hakuwa na chumba ndani yake. Alikuwa kibarua akapata tajiri mwingine.

Jambo lenye kichekesho kichungu ni kuwa bendi hizo mbili kubwa zilijitwalia majina ya ngoma: moja Msondo, nyingine Sikinde. Zilichukua jina la ngoma, zikachukua mapigo yake na ushindani wake. Sheria ya ngoma, yaani kwamba chama ni cha wachezaji, haikuchukuliwa. (Nimeona tasnifu nzima juu ya majina haya isiyogusa habari hiyo.)

Sasa nieleze habari ya Matimila, kwa sababu hiyo ndiyo itakayotupwa mbele yangu kama pingamizi. Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye watu wote wanamjua kwa jina la Remmy, alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alijiunga na Matimila. Jina hilo ni la kijiji cha kusini mwa Tanzania ambako mwenye vyombo alikuwa na biashara zake. Bendi ilivaa jina la biashara ya mtu kama gunia linavyopigwa chapa. Kutoka huko ilipanda kwa kasi. Mwaka 1988 ilialikwa katika maonyesho ya WOMAD huko Ulaya, na mwaka 1989 ikatoa sahani iliyorekodiwa katika studio za Real World, Uingereza, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni nyimbo za mtu maskini. Ya pili ikafuata mwaka 1992. Hakuna bendi ya dansi kutoka nchi hii iliyosikilizwa na Waingereza wengi kiasi hicho. Ikaitwa Super Matimila, na Remmy akawa ndiye bendi.

Hapo ndipo wenzetu wanaponiambia: basi, huyu alijitoa mikononi mwa matajiri, na bado bendi ilishuka, je, si kweli kuwa wakati ulikwisha? Nawajibu kwamba magitaa yalitoka katika mkono wa tajiri yakaingia katika mkono wa nyota. Hayakuingia katika mkono wa chama. Wazungu waliomwalika walitaka uso mmoja wa kuuweka juu ya sahani, na uso wa Remmy ulitosha sana. Alipougua, na baadaye alipoacha dansi akageukia nyimbo za Injili, Super Matimila haikuwa na mtu wa kuishika jinsi Kilaza alivyoishika Cuban Marimba. Alipofariki Desemba 2010, mtaa wa Sinza ulibaki na jina lake, na kituo cha basi kinaitwa kwa Remmy mpaka leo. Kituo kimedumu kuliko bendi. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ametangulia katika njia hiyo: aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, bendi yake mwenyewe; alipokufa kwa ajali karibu na Mombasa Januari 1979, volkano ilizimika. Katika mji ule ule mmoja, bendi moja ilifiwa na mkuu wake ikaendelea, na mkuu mwingine alipokufa kila kitu kilikwisha. Uzee haukuhusika katika misiba hiyo yote miwili.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gharama, nami sitalipita kimya. Ngoma huchongwa katika mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na Usukumani miti na ng'ombe si haba. Gitaa la umeme, vipaza sauti na saksafoni hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ambazo katika miaka ya 1970 na 1980 hazikupatikana ila kwa wenye njia zao. Kwa hiyo, husemwa, maskini hawawezi kumiliki bendi. Hoja hii ingenishinda lau ningekuwa nakaa mahali pengine. Lakini naandika kando ya Ziwa Viktoria, ambako wakulima wa pamba, watu waliodaiwa kuwa hawajui hesabu, walikataa kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, wakaunda vyama vyao vya msingi, na mwaka 1955 wakaviunganisha kuwa shirikisho moja la Victoria chini ya Paul Bomani. Shirikisho hilo lilikuwa katika vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na likamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Watu walioweza kununua kinu kwa senti walizokatwa kwenye kila ratili ya pamba wangeshindwaje kununua magitaa manne na ngoma za dansi?

Najua pia yaliyofuata. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mali yao ikapelekwa kwa mamlaka ya zao. Viliporudishwa katika miaka ya 1980, vilirudi vimelemaa, na viongozi wengine walivila vilivyobaki. Mtu anaweza kunitolea habari hiyo kama ushahidi kuwa mali ya chama haidumu. Mimi naiona kinyume. Kinu kilichonyang'anywa ni ushahidi kuwa kilikuwa na wenyewe. Mkulima wa Kwimba au Magu ajua mpaka leo ni nini kilichochukuliwa kwake, na husema. Mpiga gitaa wa shirika hana hata hilo la kudai.

Mwaka 2013 Muhiddin Maalim Gurumo alistaafu muziki baada ya kuimba kwa nusu karne: NUTA, Mlimani, Safari Sound, kisha Msondo tena. Kijana mmoja wa bongo fleva, Diamond Platnumz, alimpa gari. Watu walishangilia, na kijana alistahili sifa zake. Lakini taifa zima lilitazama mzee yule, ambaye sauti yake ilikuwa imejaza kumbi tangu uhuru ulipokuwa mchanga, akipewa zawadi kama mtu aliyepatwa na bahati, wala hapakuwa na gazeti lililouliza zilikokwenda haki zake. Alifariki Aprili 2014. Nyimbo zake nyingi zimo katika kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa malipo madogo ya mara moja, na kanda hizo zimerithiwa na shirika la utangazaji la sasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja wakati sehemu kubwa ya waliozitunga wamekwisha kuzeeka au kufa. Wanasheria wetu wa vyuo vikuu wameandika mengi juu ya sheria hiyo na wizi wa kazi za vijana. Namtaka mmoja wao aifungue ghala ile, aanze na kanda za mwaka 1964, atwambie kwa jina, wimbo kwa wimbo, nani ana haki ya kulipwa kila upigwapo, na kama hakuna, nani aliyeondoa jina lake na kwa karatasi gani.