Msiseme Hamkujua

Tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli liliporomoka karibu na Norilsk, kaskazini kabisa mwa Siberia. Takriban tani 21,000 za mafuta zikamwagika, nyingi zikaishia mitoni, na mto Ambarnaya ukageuka mwekundu hadi ukaonekana kutoka angani. Wenye tangi, tawi la kampuni kubwa ya madini ya Nornickel, hawakuchelewa kumpata mshukiwa. Walisema nguzo zilizobeba tangi kwa zaidi ya miaka 30 bila shida zilizama ghafla, na kwamba huenda joto lisilo la kawaida liliyeyusha ardhi iliyoganda.

Ardhi haina wakili, ndiyo maana kila mtu anaishtaki.

Mimi nina ugomvi na hilo neno "ghafla". Karibu kila kitu kinachozama kule kimekuwa kikizama kwa muda, na kwa miaka mingi sasa kuna macho angani yanayoona kuzama huko kwa sentimita. Kwa hivyo wacha nikueleze yanavyoona, halafu uniambie kama bado kuna nafasi ya mtu kusema hakujua.

Ardhi ya Norilsk ni ile wataalamu wanaita pamafrosti: udongo, mawe na barafu vilivyokaa chini ya nyuzi sifuri kwa angalau miaka 2 mfululizo. Mahali pengi imeganda kwa maelfu ya miaka. Tabaka la juu huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi, kwa hivyo ardhi hushuka na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala. Hilo ni jambo la kawaida. Shida inaanza pale inaposhuka na isirudi ilipokuwa, kwa sababu barafu ya chini, ile ambayo haikupaswa kuguswa, imegeuka maji na maji yamekwenda zake. Kinachobaki ni shimo, na juu ya shimo kuna nyumba ya mtu, au bomba, au tangi.

Sasa rada. Setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-1, ya kwanza ikiwa ilirushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi chini, yakagonga ardhi na kurudi. Setilaiti moja inaweza kupita tena juu ya sehemu ile ile baada ya siku 12. Unachukua picha ya kwanza na ya pili unazilinganisha: wimbi limerudi sawasawa na lile la mwanzo, au limechelewa kidogo? Wimbi lenyewe lina urefu wa takriban sentimita 5.6, kwa hivyo hata kuchelewa kidogo tu kunaonekana. Matokeo yake ni ramani ya rangi za upinde wa mvua, na kila mzunguko kamili wa rangi ni karibu sentimita 2.8 za ardhi kusogea kuelekea setilaiti au kuikimbia. Panga picha za miaka kadhaa na unaanza kusoma milimita kwa mwaka. Giza haliisumbui rada, wala mawingu. Mahali ambapo jua hupotea kwa majuma mazima, hiyo si anasa.

Na data yote ni ya bure! Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo usiniite mtaalamu. Lakini nimepakua hizi picha mwenyewe, usiku, na kila moja ni gigabaiti kadhaa (bando ndilo lilikuwa mtihani wangu mkubwa kuliko hesabu). Programu ya kuzichakata pia ni bure. Kama mimi naweza, na laptopu inayopiga kelele kama posho mill, basi kampuni inayochimba nikeli na paladiamu kwa mabilioni ya dola haikosi mtu wa kuifanyia kazi hiyo.

Najua nitajibiwa nini. Kwamba theluji huivuruga rada, na vichaka pia, na udongo ukilowa. Kweli. Kwamba picha ya kawaida ya Sentinel-1 haioni kitu kidogo kuliko mita 5 kwa 20 hivi, na nguzo za tangi huzamishwa chini sana, kwa hivyo udongo wa juu unaweza kucheza na tangi likatulia. Kweli pia. Kuna hata kejeli mbaya zaidi: ardhi ikiporomoka sana kati ya picha mbili, rada inapotea kabisa, picha inakuwa chumvi na pilipili. Palipo na hatari kubwa ndipo jicho linapofumba. Na vipimo vya angani bado vinahitaji vya chini, kipimajoto kilichofukiwa kwenye shimo na mtu wa kwenda kukisoma, na ushirikiano wa aina hiyo na Urusi ulivunjika sana baada ya Februari 2022.

Kwa hivyo sisemi kwamba picha moja ingeokoa ule mto. Nasema mwenye mali ndiye angepaswa kutuonyesha alichokuwa akikipima kabla hajalaumu udongo. Wakaguzi wa serikali ya Urusi wenyewe baadaye walikuta kasoro kwenye msingi wa tangi na uangalizi duni. Februari 2021 mahakama ikaamuru walipe zaidi ya rubo bilioni 146. Kumbe mshukiwa wa kwanza hakuwa peke yake.

Lakini nina ugomvi na kundi la pili pia, na hawa ni watu wangu, wapenzi wa ramani. Sisi tunaamini kupima ni kutenda. Tunaweka ile ramani ya rangi kwenye mtandao, tunapongezana, tunalala. Nenda Alaska, kijiji cha Newtok, cha jamii ya Yup'ik. Pale ardhi iliyoganda ilikuwa ikiyeyuka chini ya nyumba huku mto Ninglick ukila ukingo mwaka baada ya mwaka. Wenyeji walianza kupanga kuhama mwaka 1994, miaka 20 kabla Sentinel-1 ya kwanza haijaruka. Hawakuhitaji setilaiti kuwaambia kitu ambacho sakafu iliwaambia. Familia za kwanza zilihamia kijiji kipya cha Mertarvik Oktoba 2019. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Walikuwa na habari yote. Walichokosa ni pesa, na ofisi moja yenye jukumu la kuhamisha kijiji kizima, kwa maana sheria za Marekani ziliandikwa kusaidia watu baada ya mafuriko ya siku moja, hazikumfikiria mtu anayezama polepole.

Sasa weka hadithi hizo mbili pamoja. Kijiji kilichojua kila kitu kilisubiri robo karne. Kampuni yenye uwezo wa kujua kila kitu ilisema "ghafla" ndani ya siku chache, na watu wakaipa sikio. Ndiyo maana nataka sheria rahisi: yeyote mwenye tangi, bomba au mgodi juu ya ardhi iliyoganda achapishe kila mwaka ardhi yake imesogea kiasi gani, picha za rada na vipimo vya shimoni, mbele ya majirani zake. Asipochapisha, ajali ikitokea, asiruhusiwe kulitaja joto mahakamani.

Utasema hayo ni ya Siberia, sisi yatuhusu nini. Mwaka 2009 watafiti walichapisha walichokiona kwa rada hii hii ya kulinganisha picha, kutoka setilaiti za zamani zaidi, juu ya Bonde la Ufa: Longonot, Menengai, Suswa na Paka, volkeno tulizodhani zimelala, zilikuwa zimepanda au kushuka. Paka iliinuka zaidi ya sentimita 20 ndani ya miezi michache. Hakuna barafu huku, lakini Sentinel-1 inapita juu yetu pia, na kumbukumbu yake iko wazi kwa yeyote mwenye bando. Picha zangu za Paka na Menengai ziko kwenye diski ya nje, kila moja na tarehe yake. Siku mtu hapa kwetu akisimama mbele ya kamera aseme ardhi ilifanya ghafla, nitaanza na ya mwaka 2015.