Msiondoke Kabla ya Wimbo

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu hukipa mgongo: wimbo wa mwisho katika sinema.

Desturi yetu mnaijua. Hadithi ikiisha, majina ya waliofanya kazi huanza kupanda juu, na watu nao huinuka. Huyu atafuta kandambili zake, yule amwita mtoto. Mwenye mashine naye ana usingizi, azima. Wimbo haupati wa kuusikiliza.

Lakini katika sinema za hadithi za ajabu, zenye mazimwi na falme zisizokuwapo, wimbo huo una kazi yake. Mtazamaji amesafiri mbali kwa saa tatu. Yafaa aagwe vema, arudi kwake polepole.

Chukueni mfano wa “The Return of the King”, sinema ya mwaka 2003. Peter Jackson aliitengeneza huko New Zealand, kutokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyekuwa Mkatoliki kama sisi. Mwishoni vita vimekwisha, lakini Frodo ana jeraha lisilopona. Basi apanda chombo kwenda magharibi, ng’ambo ya bahari, asirudi tena. Rafiki yake Sam abaki pwani akilia, kisha arudi kwa mkewe na wanawe. Hapo ndipo, majina yakianza kupanda, Annie Lennox wa Uskoti aimbapo “Into the West”, maana yake “Kuelekea Magharibi”.

Kumbe wimbo huo ulikuwa na mtu wake! Kijana mmoja wa New Zealand, Cameron Duncan, alipenda mno kutengeneza sinema, na hata juu ya ugonjwa wake mwenyewe alitengeneza moja fupi. Alikuwa na saratani ya mifupa. Jackson na Fran Walsh, mmoja wa walioandika sinema ile, walifanya urafiki naye. Walsh, Lennox na mpiga muziki Howard Shore walipotunga wimbo wa mwisho, habari za kijana huyo ndizo zilizowagusa. Cameron alifariki Novemba 2003, mwenye umri wa miaka 17, kabla sinema haijaonyeshwa kwa watu. Februari 2004 wimbo ulipata tuzo ya Oscar.

Tazameni basi: watu wazima hawakujua la kumwambia mtoto anayekwenda, wakalisema kwa wimbo. Hawakumdanganya kwamba hakuna safari. Walimwambia kwa upole kwamba safari ipo, na kwamba ng’ambo si giza tupu.

Mimi ninayeandika kitabu cha marehemu cha parokia nasikia neno moja mara kwa mara kwa wafiwa: “Hatukuagana.” Mgonjwa alijua, nao walijua, lakini kila mmoja alisema, “Kesho utapona,” hadi kesho haikuja. Padre aliitwa amechelewa, na maneno ya mwisho yakabaki kifuani.

Ndugu zangu, mkiwa na mgonjwa mzito nyumbani, kaeni naye. Mshikeni mkono. Mwombeni radhi, mpeni radhi, na akitaka kusema habari za safari yake, msimkatize.

Na siku mtakapoiona sinema hiyo, mwombeni mwenye mashine asizime upesi.