Je, aliyetoa kongosho atafufuka mzima?



Jumapili moja baada ya Misa hapa Nkowe, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa kanisa. Mwanawe anaugua kisukari na huchomwa insulini kila siku. Nyumbani hawana friji, hivyo dawa huhifadhiwa penye ubaridi, ndani ya chungu. Mama huyo alikuwa amesikia redioni kwamba katika nchi za mbali watu huacha ruhusa kongosho zao zitolewe wakifa, ili wataalamu wachunguze kisukari. Akaniuliza: "Baba Padri, mtu aliyezikwa bila kongosho atafufuka mzima kweli?"

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Kongosho iko nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani yake mna vikundi vya seli vipatavyo milioni moja, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ufuta. Huitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869. Humo ndimo insulini inamotengenezwa. Mtu akifariki, na ruhusa ikiwapo, kongosho hutolewa na kuwekwa kwenye baridi, kisha visiwa hutenganishwa kabla havijafa. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wamevipandikiza katika maini ya wagonjwa saba, na wote wakaacha sindano. Lakini miaka ilipopita, wengi waliotibiwa kwa njia hiyo walirudia insulini. Ndiyo maana utafiti unaendelea, na visiwa vingine hupelekwa maabara.

Je, yanatuhusu? Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti kuhusu watoto na vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza. Takribani theluthi mbili yao hawakuwa na ile alama katika damu inayoonyesha kwamba kinga ya mwili inaishambulia kongosho, alama ambayo wagonjwa wengi wa Ulaya wanayo. Maana yake, huenda ugonjwa wa watoto wetu wengi una chanzo kingine. Vijana hao walitoa damu tu, na tayari tumejifunza jambo kubwa.

Najua neno "viungo" linatutia hofu, na tuna sababu. Katika nchi hii ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya ushirikina na fedha. Ule ni wizi na uuaji. Lakini anayetoa kwa hiari, kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua, anafanana na yule Msamaria aliyemhudumia mtu asiye wa kabila lake.

Kanisa halikai kimya hapa. Katekisimu, namba 2301, inafundisha kwamba kutoa viungo bure baada ya kufa ni halali na kwaweza kuwa na stahili mbele za Mungu. Vilevile inakubali maiti ichunguzwe kwa ajili ya sayansi. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alisisitiza kwamba viungo visiuzwe, mtoaji aridhie akijua anachokubali, na kifo kiwe cha hakika. Nasi tuongeze: mwili uzikwe kwa heshima zote.

Hapo pana dai la haki pia. Wagunduzi wa insulini waliiachia haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto, mwaka 1923, kwa dola moja moja. Walitaka imfikie kila mgonjwa. Miaka mia moja imepita, na bado yuko mama anayehangaikia chupa ya mwezi ujao. Anayepokea damu au seli za maskini kwa ajili ya utafiti ana deni: dawa itakayopatikana imrudie maskini huyo.

Leo hakuna anayebisha hodi Nkowe kuomba kongosho. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na watoaji ni ndugu walio hai. Lakini siku itafika, na tusisubiri kujadiliana penye msiba. Zungumzeni nyumbani mkiwa wazima. Ukiombwa damu ya utafiti, uliza ni ya nini, nani atafaidika, na kama unaweza kukataa. Ukiridhika, toa.

Na yule mama nilimjibu hivi. Mashahidi wa Uganda walichomwa moto Namugongo mwaka 1886, wakabaki majivu, wala hatuna shaka kwamba Mungu atawafufua. Bwana wetu mwenyewe alifufuka akiwa na majeraha yake, akamwonyesha Tomaso. Pengo lililoachwa na upendo haliwezi kumzuia Mungu.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Baba, wakija, waniulize mimi kwanza." Nami nasema ana haki: waulizwe kwanza.

Nawatakia Dominika njema.