Jina la Sehemu Si Maelezo Yake

Miongozo mingi ya lugha ya programu ya C hunakili fasili ya muundo kutoka kwenye msimbo, huorodhesha sehemu zake pamoja na aina za data, kisha hunyamaza. Aghalabu hudaiwa kwamba msimbo hujieleza wenyewe. Dai hilo halina mashiko.

Mfano mwafaka ni muundo uitwao tm, unaohifadhi tarehe na saa. Kiwango rasmi cha C huutajia sehemu tisa, zote zikiwa nambari kamili. Kwa hivyo aina ya data haimfafanulii msomaji lolote. Sehemu ya siku, tm_mday, huanzia 1, ilhali ile ya mwezi, tm_mon, huanzia 0, hivi kwamba Desemba ni 11. Nayo tm_year si mwaka, bali ni idadi ya miaka tangu 1900. Waandishi wa programu walioidhania kuwa tarakimu mbili za mwisho wa mwaka waliibandika baada ya 19. Januari 2000 ilipowadia, baadhi ya tovuti zilionyesha mwaka wa 19100.

Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa tatizo hili vyema. Saa mbili asubuhi huandikwa 8:00 katika ratiba ya mihadhara, na Mfungo Mosi wa pwani ni mwezi wa kumi wa kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa hesabu yake huanza baada ya Ramadhani. Nambari isiyotajiwa chanzo cha hesabu ni fumbo.

Wapo wanaoshikilia kwamba maelezo huchakaa msimbo unapobadilika. Hofu hiyo ina msingi, ila kiwango chenyewe cha C kimeonyesha njia. Kinasema kwamba tm ina angalau sehemu hizo, kwa mpangilio wowote, kisha kinaeleza maana ya kila moja na mipaka yake ya kawaida. Kisichobadilika kimeahidiwa, kinachoweza kubadilika hakikuahidiwa.

Hivyo ndivyo kila mwongozo unavyopaswa kuandikwa: maana, kipimo, chanzo cha hesabu na mipaka ya kila sehemu vitajwe bayana. Kazi hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya tarakilishi. Wanafunzi wa Kiswahili, waliozoea kupima fasili za kamusi, wana mchango wa kutoa wakishirikiana na wenzao wa sayansi ya tarakilishi. Kamusi inayotaja neno na ngeli yake bila maana haijakamilika. Mwongozo nao ni vivyo hivyo.