Mnyauko wa kahawa hausubiri muhuri wa mpakani

Mfanyabiashara anayevusha kahawa Mutukula au Kasindi hukagua bei, uzito na unyevu. Kuna kitu kingine asichokiona kwa urahisi, nacho ni kuvu ya mnyauko fuzari, iliyoua mibuni ya robusta kuanzia Congo hadi Kagera.

Kuvu hiyo huingilia kwenye jeraha, mara nyingi lililoachwa na jembe au panga karibu na shina. Ikishaingia, huziba mishipa inayopandisha maji. Majani hunyauka na kupukutika, na gome likibanduliwa, mti wa ndani huonekana na madoa ya buluu iliyokolea. Mbuni ulioshikwa hauponi. Baada ya miezi kadhaa huwa kuni, na kuni huuzwa.

Historia yake ni onyo kwa wenye biashara. Ugonjwa ulionekana mwaka 1927 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukishambulia mibuni ya ekselsa. Mibuni iling'olewa na kuchomwa, zikapandwa aina zilizostahimili, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaonekana umetulia. Miaka ya 1970 ukaibuka tena Congo, safari hii ukiiandama robusta. Mwaka 1993 ukathibitika Uganda, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera.

Kuvu hujifunza mti inaoula. Ile ya robusta haiidhuru arabika, na ile inayoua arabika Ethiopia haiigusi robusta. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba imepata baadhi ya vinasaba kutoka kwa kuvu ndugu yake, Fusarium oxysporum, ambayo aina zake nyingine hunyausha migomba. Kwa mkulima wa Kagera au Uganda, anayechanganya kahawa na migomba katika shamba moja, hilo si jambo la maabara tu.

Uganda imetoa aina za KR na Tanzania imetoa aina zake zinazostahimili mnyauko. Ni hatua kubwa, lakini aina inayostahimili leo si kinga ya milele. Kila mche usiojulikana ulikotoka, kila rundo la kuni zenye gome na kila gunia la maganda kutoka shamba lililougua huipa kuvu nafasi ya kufika mahali papya.

Kufunga mpaka si dawa. Mpaka ukifungwa, mzigo hupita njia za panya, ambako hakuna mkaguzi. Hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ilimwondolea mfanyabiashara mdogo mzigo wa makaratasi upande wa ushuru. Cheti cha afya ya mimea nacho kinastahili wepesi huohuo: kitolewe palepale mpakani, kwa ada ndogo, na kitambuliwe pande zote mbili.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Miche inunuliwe kwenye vitalu vinavyotambulika, na kuni za mibuni iliyonyauka zichomwe hukohuko shambani. Faida ya rundo la kuni huisha siku moja. Shamba likishaambukizwa, hakuna gunia la kuvusha msimu ujao.